Kutoka "Shamba la Bibi" hadi Ghuba ya Mnazi: Msafiri na Mwenyeji katika Hifadhi za Kusini

Neno safari ni la kale katika Kiswahili, na asili yake ni Kiarabu. Kwa wenyeji wa pwani, safari ni mwendo wowote wa mtu atokaye kwake kwenda mahali pengine, uwe wa chombo au wa miguu, wa biashara, wa harusi au wa kuzuru kaburi. Wazungu waliopita katika nchi za bara katika karne ya 19 walilitwaa neno hili wakalipa maana iliyo finyu zaidi. Kwao safari ilikuwa ile ya wapagazi, mahema na bunduki. Baadaye ikawa ile ya gari na kamera. Maana hiyo ya pili ndiyo iliyoenea duniani, na ndiyo iliyorudi Afrika ya Mashariki ikiwa imekwisha kuandikwa katika sheria, katika vibao vya njiani na katika stakabadhi za ada ya kuingia.

Historia ya Ghuba ya Mnazi, katika mwisho wa kusini wa pwani ya Tanzania, yaonyesha jinsi maana hizi mbili zilivyokutana mahali pamoja. Mwaka 2000 serikali ilitangaza ghuba hiyo, pamoja na mlango wa mto, kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Hifadhi hiyo ilikuwa ya pili ya namna yake nchini. Ilijengwa juu ya tumaini ambalo Waswahili wamelieleza zamani kwa methali moja: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msafiri angekuja kutazama matumbawe, kasa na mikoko. Fedha yake ingelinda bahari, na mvuvi aliyepunguziwa mahali pa kuvua angepata riziki nyingine. Swali ambalo historia yapaswa kulijibu ni kama mgeni huyo alikuja, na kama mwenyeji alipona.

Yafaa kwanza kueleza mahali penyewe. Ghuba iko kusini-mashariki ya mji wa Mtwara. Imekingwa na rasi ya Msimbati na Ruvula pamoja na visiwa vidogo na miamba, na kusini yake mto Ruvuma huingia baharini katikati ya mikoko mingi. Eneo lote la hifadhi ni kilomita za mraba 650, na yapata theluthi moja yake ni nchi kavu, yaani mikoko, visiwa na ukingo wa pwani. Wataalamu wamehesabu humo spishi zaidi ya 200 za matumbawe. Sababu moja ya wingi huo ni kwamba mkondo mkubwa wa bahari utokao mashariki hulifikia bara la Afrika karibu na rasi ya Delgado na hapo hugawanyika, tawi moja likielekea kusini na jingine kaskazini. Mayai na vijusi vya viumbe vya ghuba hii huchukuliwa na mkondo wa kaskazini kwenda kupanda miamba mingine ya pwani. Kwa hiyo liharibikalo Mnazi haliishii Mnazi.

Wakaaji wake si wageni wa jana. Wengi ni Wamakonde wa pwani, ambao huitwa pia Wamaraba, na pamoja nao wako Wamakua, Wayao na watu waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, ambako husemwa Kimwani. Mto haukuwa ukuta kwao. Watu wa kingo zote mbili waliozana, waliuziana nafaka na samaki, na walikimbiliana wakati wa vita. Katika vijiji kama Msimbati, Mngoji, Nalingu, Mkubiru, Litembe, Kilambo na Mahurunga, shamba na bahari vilikuwa mikono miwili ya mtu mmoja. Mwanamume alivua kwa mshipi, dema, jarife au juya, naye huyo huyo alilima mihogo na kuangua nazi. Wanawake walingoja maji ya bamvua, bahari ikipwa wakaenda miambani kuchokoa pweza na kuokota chaza na kombe.

Wasafiri pia hawakukosekana katika pwani hii. Vyombo vilishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na bandari za Lindi, Sudi na Mikindani zilipokea misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ikileta pembe za ndovu na watumwa. Mwezi wa Machi 1866 David Livingstone alifika kwenye mlango wa Ruvuma katika manowari ya Kiingereza. Alikuwa na ngamia, nyati wafugwao, baghala na punda, kwa maana alitaka kujaribu kama wanyama hao wangeweza kustahimili mbung'o. Ukingo wa mto ulikuwa umezibwa na mikoko, hata hapakuwa na mahali pa kuwateremshia wanyama. Basi akageuza na kushukia Mikindani. Mapema mwezi wa Aprili msafara ulianza kwenda bara, na katika watu wake walikuwamo Abdallah Susi na James Chuma, ambao miaka minane baadaye walitajwa ulimwenguni kote kwa kuuleta pwani mwili wa bwana wao. Jambo moja la safari ile lastahili kukumbukwa hapa. Msitu wa nyuma ya pwani ulikuwa mzito kiasi kwamba ngamia hawakuweza kupenya, na waliofungua njia walikuwa Wamakonde walioajiriwa kwa shoka na miundu yao. Tangu mwanzo, basi, msafiri alipita mahali ambapo mwenyeji alikuwa amekata njia.

Safari za namna ile zilifuatwa na mipaka. Ruvuma ilifanywa mpaka wa Wadachi na Wareno katika mapatano ya mwaka 1886, lakini mwaka 1894 Wadachi waliivuka kwenye mlango wake wakatwaa kipande cha Kionga kilicho kusini. Wareno walikirudisha mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Mvuvi wa Msimbati aliyekuwa akitega upande huu na kuuza upande ule alijikuta mara katika dola moja, mara katika dola mbili, bila ya kuhama kijijini kwake. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza juu ya mistari ichorwayo mbali na kupita mlangoni pake.

Somo la pili lilitoka bara. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kuzuia uwindaji ovyo katika nchi yote na kutenga mapori mawili ya wanyama, moja magharibi ya Kilimanjaro na jingine upande wa Rufiji. Katika pori hilo la kusini uliota mzizi wa lile lililokuja kuitwa Selous, jina alilopewa mwaka 1922 kwa ajili ya Frederick Courteney Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani huko Behobeho mwezi wa Januari 1917. Lakini watu wa kusini hawakulijua sana kwa jina la mwindaji. Walisimulia kwamba Kaisari Wilhelm alimpa mkewe pori lile liwe tunzo, wakaliita "Shamba la Bibi". Simulizi hiyo haina haja ya kuthibitishwa ili iwe na maana. Jina lenyewe ndilo ushahidi: lasema kwamba nchi pana iliyo tupu ya watu ni shamba la mtu fulani aliye mbali, asiyelima wala asiyeonekana.

Na utupu ule haukuwa wa tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, viliua na kutawanya watu wengi wa kusini. Kisha katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa wilaya ya Liwale na kuwakusanya mahali pengine, sababu iliyotolewa ikiwa ni malale na uharibifu wa tembo. Nchi waliyoiacha ikaongezwa katika pori la wanyama, na C. J. P. Ionides, bwana nyama aliyejulikana sana katika nchi hizo, alikuwa mmoja wa waliolipanua. Wawindaji wenye leseni walipokuja baadaye, waliona nyika isiyo na moshi wa jiko, wakadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Kaskazini mambo yalikwenda kwa njia nyingine yakafika karibu na pale pale. Serengeti ilikuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959, baada ya ubishi mrefu, ilitengwa na Ngorongoro: Serengeti ikabaki bila ya watu, na Wamasai waliokuwamo wakapelekwa Ngorongoro, ambako waliahidiwa kukaa pamoja na wanyama. Mwezi wa Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alitamka katika mkutano wa Arusha kwamba wanyama ni amana ambayo serikali mpya itaitunza, naye akaomba msaada wa mataifa mengine katika kazi hiyo. Katika miaka iliyofuata hifadhi ziliongezeka, na safari ya kutazama wanyama ikawa mlango mmoja mkubwa wa fedha za kigeni. Ila mlango huo ulikuwa kaskazini. Mtwara ilikuwa imejengewa bandari ya maji marefu kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuanguka baada ya miaka michache. Reli yake ya kwenda Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu mwaka 1964 hadi 1974 mpaka wa Ruvuma ulikuwa ukingo wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Hapana mtazama-wanyama aliyepelekwa huko.

Kiswahili cha serikali kilihitaji maneno ya kueleza mambo haya, na uteuzi wake wafaa kuangaliwa. Pori lililowekwa kwa uwindaji wa leseni liliitwa pori la akiba, kana kwamba ni chakula kilichofichwa kwa siku ya haja. Mahali pa kutazamwa tu paliitwa hifadhi. Hifadhi ni neno lenye heshima kubwa pwani: mtoto huhifadhi Kurani, na mtu aingiaye chomboni huomba Mungu amhifadhi. Ndani ya neno hilo mna wazo la kitu kilichowekwa moyoni mwa mtu, na si kitu kilichozungushiwa askari. Msikiaji wa Msimbati aliyeambiwa kwamba bahari yake itafanywa hifadhi hakuwa na sababu ya kulichukia neno. Alilolihofia ni yale aliyoyasikia kutoka Shamba la Bibi.

Baharini uhifadhi ulichelewa. Kenya ilitangulia mwaka 1968 kwa kufanya hifadhi za bahari huko Malindi na Watamu. Tanzania ilitangaza mwaka 1975 kwamba visiwa na miamba kadha, kama vile Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam, na Chole huko Mafia, vilindwe chini ya sheria ya uvuvi. Lakini kwa miaka mingi amri zile zilikaa katika karatasi. Hazikuwa na mashua, mafuta wala askari wa kuzitekeleza.

Wakati huo huo kishindo kingine kilikuwa kikisikika pwani nzima. Uvuvi wa baruti ulikuwa umeanza kuonekana Tanzania katika miaka ya 1960, na ulikuja kuwa janga. Baruti ikitupwa juu ya kundi la samaki hupasua vibofu vyao vya hewa. Wachache huelea na kuokotwa, wengi huzama na kuoza. Mwamba wa matumbawe uliokua kwa mamia ya miaka hugeuka kifusi kwa nukta moja, na juu ya kifusi kisichotulia matumbawe machanga hayawezi kushika. Katika Ghuba ya Mnazi peke yake ilihesabiwa milipuko zaidi ya 400 kwa miezi miwili ya mwaka 1996. Pamoja na baruti palikuwa na kuchimba matumbawe ya kuchoma chokaa, hasa upande wa Mikindani, na kukokota makokoro ya macho madogo juu ya majani ya bahari ambamo samaki wachanga hulelewa.

Hapa historia ya Mnazi yaachana na ile ya Serengeti na Selous, na tofauti hiyo ndiyo yenye uzito. Waliopaza sauti kwanza hawakuwa wasafiri wala wataalamu wa kigeni. Walikuwa wanavijiji wenyewe. Mvuvi wa mshipi na mwanamke wa pweza ndio walioona riziki yao ikipasuliwa, tena mara nyingi na watu waliowajua kwa majina, ambao walikuwa na jamaa zao katika ofisi. Katika miaka ya 1990 vijiji vya Mtwara na Lindi vilianza kusemezana. Walisaidiwa na mradi wa maendeleo vijijini uliogharimiwa na Finland, uliojulikana kwa herufi RIPS, ambao uliwapa njia ya kurekodi maneno yao katika kanda za video. Kanda hizo zilioneshwa kijiji kwa kijiji na mbele ya viongozi, hata aliyekuwa akisema kwamba hana habari akakosa pa kujificha. Kutokana na mazungumzo hayo kilizaliwa chama cha vijiji vya pwani ya kusini kilichoitwa Shirikisho. Katika waliofanya kazi na kuandika juu ya vita hivyo alikuwamo Mwajuma Masaiganah. Baada ya mwaka 1997, serikali ilipoleta nguvu zake, wanamaji wakiwamo, vishindo vilipungua sana, ingawa miaka michache baadaye vilirudi tena katika sehemu kadha za pwani.

Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilikuwa imekwisha kupitishwa mwaka 1994. Nayo ilitofautisha mambo mawili kwa maneno mawili. Eneo tengefu, kutokana na kutenga, ni mahali palipotolewa katika matumizi ya watu. Hifadhi ya bahari, kwa upande wake, yaweza kuwa na vijiji ndani yake. Zaidi ya hayo, sheria ilitaja katika makusudi yake kwamba wakaaji wa vijiji vya humo washirikishwe katika kila hatua ya kupanga na kuendesha hifadhi, wapate sehemu ya faida, na watangulizwe katika kutumia rasilimali na nafasi za uchumi. Hiyo ilikuwa ahadi ambayo Shamba la Bibi halikuitoa kamwe. Mafia ilitangazwa ya kwanza mwaka 1995, na Mnazi ikafuata mwaka 2000. Kutoka mwaka 2002 hadi 2007 kazi ya kuijenga hifadhi hii ilisaidiwa na Mfuko wa Mazingira wa Dunia kwa mkono wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Ufaransa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile.

Bahari iligawanywa kwa kanda. Katika kanda ya kiini hapavuliwi. Katika nyingine huvua wakaaji tu kwa zana zilizoruhusiwa. Katika iliyobaki wageni pia huingia kwa kibali. Nyavu za macho madogo zilikusanywa na kubadilishwa kwa nyavu za macho makubwa, na watu walihimizwa kufuga samaki na nyuki na kutengeneza vitu vya kuwauzia wageni. Kila sehemu ya mpango huu ilikuwa na hoja yake. Lakini wavu wa macho makubwa hufaa maji ya kina na chombo cha kufika huko, na wengi wa Msimbati na Nalingu walikuwa na mtumbwi wa kuchonga au hawana chombo kabisa. Aliyezoea kukokota ufukweni pamoja na wenzake kumi alipewa wavu asioweza kuupeleka mahali pake. Na aliyevua peke yake hakuwa na wa kumgawia, ijapokuwa juya la pamoja lilikuwa limelisha nyumba nyingi, hata za wazee na wajane waliokuja kusaidia kuvuta kamba.

Basi, palibaki tumaini la mgeni. Uzuri wa kumvutia haukukosekana. Ufukwe wa Msimbati ni wa mchanga mwororo na kilindi cha bahari ki karibu nao sana. Kasa hupanda kutaga. Nyangumi wa kusini hupita wakati wa kusi. Viboko na mamba wako mtoni. Mikindani, boma la Wadachi lililojengwa mwaka 1895 lilikarabatiwa na taasisi moja ya hisani kutoka Uingereza likawa nyumba ya wageni. Hata hivyo msafiri aliyetaka kufika alikuwa na vizuizi vyake. Mpaka mwaka 2003, lilipofunguliwa daraja la Mkapa, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na barabara ya kusini ilikuwa matope wakati wa masika. Mtu aliyekuwa na wiki mbili alikwenda Serengeti na Unguja akaona vyote. Mtwara ilikuwa nje ya njia hiyo. Wageni walikuja, ila kwa uchache, na ada zao hazikuweza kulipa askari wa doria na papo hapo kujenga zahanati.

Kisha mgeni wa namna nyingine akatokea, naye alikuwa na nguvu kuliko mtalii. Mwaka 1982, miaka 18 kabla ya hifadhi kutangazwa, shirika la Kiitalia la AGIP lilikuwa limegundua gesi chini ya Msimbati. Kisima kile kililala hadi mwaka 2005, kilipofunguliwa upya na kampuni ya Artumas, na baada ya muda mfupi gesi yake ikaanza kuendesha mitambo ya umeme ya Mtwara. Serikali ilipoamua kupeleka gesi Dar es Salaam kwa bomba, watu wa Mtwara walidai kwamba faida ibaki kusini kwanza. Mwezi wa Mei 2013 madai hayo yalitoka katika maandamano yakawa ghasia, watu wakafa na askari wakamiminwa mjini. Bomba lilimalizika, na mwaka 2015 mitambo ya kusafishia gesi huko Madimba ikafunguliwa. Mvuvi aliyekatazwa kukata mti wa mkoko kwa ajili ya dau lake aliona visima vikichimbwa ndani ya mipaka ile ile. Huenda kila kazi ilikuwa na kibali chake halali. Lakini mwanakijiji hakuviona vibali, aliona matingatinga.

Kusini ya mto mambo yalizidi kuharibika. Tangu Oktoba 2017 mkoa wa Cabo Delgado wa Msumbiji uliingia katika vita vya waasi. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kilicho upande wa Tanzania wa Ruvuma, kilishambuliwa, na Machi 2021 mji wa Palma, usio mbali na mlango wa mto, ukaangukiwa na mauaji. Msafiri wa starehe ndiye wa kwanza kukimbia habari za namna hiyo. Mwenyeji hana pa kukimbilia. Tena ng'ambo ile wamo ndugu zake.

Mwanaanthropolojia Vinay Kamat, aliyefanya uchunguzi katika vijiji vya hifadhi kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2014 makala aliyoipa kichwa cha habari kutokana na usemi wa wavuvi kwamba bahari ni shamba lao. Alieleza jinsi baadhi ya nyumba zilivyopungukiwa na chakula na jinsi watu walivyoudhika kwa namna nyavu zao zilivyokamatwa na kuchomwa. Usemi wenyewe wastahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha. Neno shamba ndilo lililotumika kuieleza Selous, na ndilo linalotumika kuieleza bahari. Lakini katika "Shamba la Bibi" shamba ni miliki ya mtu asiye na jembe; katika "bahari ni shamba letu" shamba ni kazi. Mkulima hupumzisha konde lake ili lizae tena, hachomi mbegu zake, na humfukuza aliyeingia usiku kuiba. Kwa hiyo anayeiita bahari shamba hajasema kwamba hataki iangaliwe. Amesema kwamba yeye ndiye mwenye kuiangalia.

Si haki, lakini, kuhukumu kwamba hifadhi ya Mnazi haikuzaa kitu. Ilizuia mengi ambayo pasipo sheria yasingezuilika, na iliwaleta wataalamu waliouandika utajiri wa ghuba kabla haujasahauliwa. Wala wanavijiji wote hawakuwa na neno moja: wako walioshika doria pamoja na askari, na wako waliotupa baruti. Pia mwamba haungoji watu wapatane. Joto la bahari la mwaka 1998 lilifanya matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi kuwa meupe na kufa, na mwamba uliokwisha kuvunjwa na baruti hauponi upesi.

Kosa lilikuwa katika hesabu iliyotiwa ndani ya tumaini. Ilidhaniwa kwamba kilichofanya kazi kaskazini, yaani msafiri alipaye ili atazame, kingehamishiwa kusini na kutiwa baharini, na kwamba mwenyeji angengoja mpaka msafiri afike. Lakini njaa haingoji daraja, wala vita havingoji majira ya watalii. Kabla ya mtalii yeyote kulipa ada, Ghuba ya Mnazi ilikuwa imekwisha kupata watetezi katika wavuvi wa mishipi na wanawake wa pweza, waliosema dhidi ya baruti wakati kusema kulikuwa hatari. Sheria ya mwaka 1994 iliwaona watu hao na kuwatanguliza katika maandishi yake. Utekelezaji ulipomtanguliza msafiri asiyekuja, uliwaacha nyuma wale ambao hawakuwa wameondoka.

Selous yenyewe haikubaki ilivyokuwa: mwaka 2019 sehemu yake kubwa ya kaskazini ilikatwa na kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mistari ya hifadhi, kama mpaka wa Kionga, hubadilika kwa kalamu. Katika Ghuba ya Mnazi jambo ambalo halijabadilika ni kwamba maji yakipwa watu hushuka miambani, na yakijaa hurudi na walichopata. Methali ya pwani haikusema kwamba mwenyeji aponywe na mgeni peke yake. Waswahili hao hao waliongeza nyingine, kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hifadhi iliyokuja Mnazi mwaka 2000 imekwisha kupita siku zake mbili za ugeni. Jembe lililo mlangoni ni ile ahadi ya mwaka 1994 juu ya wenye shamba.